Kitu Kisichokubali Kushikwa

Mwanafunzi mmoja ametuletea swali lililotuchekesha kwanza, kisha likatukunisha kichwa. Mama yake amenunua kikaango cheusi ambacho mayai hayagandi ndani yake, wala samaki. Naye anauliza: ikiwa hakuna kitu kinachoganda katika ile ngozi nyeusi, yenyewe imegandaje katika chuma? Swali hili lina akili kuliko maswali mengi ya wakubwa. Tutalijibu, ila tunamwomba saburi, kwa kuwa hatuna budi kuanzia mbali.

Ngozi ile huitwa Teflon. Hilo ni jina la biashara. Wenye elimu ya kemia huiita politetrafloroethilini, neno refu ambalo hatutalitaja tena. Hata nyumba isiyo na kikaango cha namna hiyo huenda inayo Teflon: ule utepe mweupe, mwororo, ambao fundi wa bomba huuzungusha kwenye meno ya bomba kabla ya kulikaza, ili maji yasivuje, ni kitu kile kile.

Hakuna aliyekitafuta. Tarehe 6 Aprili 1938, huko Deepwater katika jimbo la New Jersey, Marekani, kijana wa miaka 27 aitwaye Roy Plunkett, mtumishi wa kampuni ya DuPont, alikuwa katika kazi ya kutafuta gesi mpya ya kutia baridi katika friji. Gesi yake ilikuwa imewekwa katika chupa za chuma. Asubuhi ile yeye na msaidizi wake, Jack Rebok, walifungua chupa moja, na gesi haikutoka. Mtu mwingine angalisema imevuja, akachukua chupa nyingine, na habari ingaliishia hapo. Lakini chupa ilikuwa nzito kama iliyojaa. Basi waliikata kwa msumeno, wakakuta ndani yake unga mweupe, laini kama nta. Plunkett akaujaribu: asidi kali haikuula, wala dawa za kuyeyushia hazikuuyeyusha.

Kumbe chembe za ile gesi zilikuwa zimeshikana mikono zenyewe kwa zenyewe, moja baada ya nyingine, zikawa minyororo mirefu ya maelfu. Mnyororo wa namna hiyo huitwa polima. Plastiki ya ndoo nayo ni polima: kila pete ya mnyororo wake ni kaboni, iliyovikwa haidrojeni. Katika unga wa Plunkett, kaboni imevikwa florini. Tofauti yote imo humo.

Florini ikiwa peke yake ni gesi ya kutisha. Hushambulia karibu kila kitu inachokigusa. Mfaransa Henri Moissan ndiye aliyefaulu kuitenga, mwaka 1886, na kwa kazi hiyo akapewa tuzo ya Nobel mwaka 1906. Lakini florini ikishaikamata kaboni, ukali wake wote hugeuka kuwa uaminifu. Haiachi, wala haitaki mwenzi mwingine. Florini huuzunguka mnyororo wa kaboni kama magamba yanavyomzunguka samaki, na mgeni akija, iwe mafuta, maji au asidi, hapati pa kushika. Hata mjusi kafiri, apandaye ukuta na dari asianguke, akiwekwa juu ya Teflon kavu huteleza.

Hapa habari yetu inapita kwetu Katanga. Wakati wa vita kuu ya pili, uraniumu ya Shinkolobwe, karibu na Likasi, ilipelekwa Marekani. Tani 1,200 za mawe yake ziliwekwa New York tangu mwaka 1940. Ili kuchambua uraniumu ya bomu, mafundi wa Oak Ridge, Tennessee, waliiunganisha na florini ikawa gesi, na gesi hiyo ilikuwa ikila mabomba na viungo vya mitambo. Vitu vichache tu viliweza kuivumilia, na kimojawapo kilikuwa unga wa Plunkett. Hivyo mawe ya Katanga na unga wa New Jersey vilikutana mahali pa siri, na watu wa Hiroshima wakayaona matokeo tarehe 6 Agosti 1945.

Teflon ina ukaidi mmoja unaowachosha wenye viwanda: hata ikitiwa moto wa digrii 327, ambapo huyeyuka, haitiririki. Haiwezi kumiminwa kama plastiki nyingine. Hukandamizwa na kuokwa kama tofali. Kwa hiyo wanakemia walitengeneza minyororo yenye pete za namna mbili au zaidi, nayo ndiyo kopolima. Moja, iliyochanganya gesi ya Plunkett na ethilini, hutengenezwa kuwa ngozi angavu kama kioo, tena nyepesi mno. Huko Cornwall, Uingereza, zimeezekwa kwa ngozi hiyo nyumba kubwa za mimea zilizofunguliwa mwaka 2001. Nyingine ni mpira usioharibiwa na mafuta ya moto ya injini. Na polima moja ya jamaa hii hushikiza unga wenye kobalti ndani ya betri nyingi za simu. Kobalti ya Kolwezi nayo, basi, imekutana na florini.

Sasa tumjibu mwanafunzi wetu. Mwaka 1954 Mfaransa Marc Grégoire aliitumia Teflon katika vifaa vyake vya kuvulia samaki. Mkewe, Colette, akamwambia aitie katika vikaango vyake. Grégoire aliiacha asidi iitafune alumini hadi ikawa na vijishimo visivyohesabika, akauweka unga juu yake, akauoka. Teflon ikaingia vijishimoni kama mizizi katika nyufa za mwamba. Haikuganda, mwanangu, imekwama.

Lakini kisichokubali kushikwa hakikubali pia kuoza. Katika kuitengeneza Teflon, viwanda vilitumia kwa miaka mingi dawa moja ya jamaa ya florini, PFOA, ambayo ilimwagika katika maji ya kunywa karibu na Parkersburg, West Virginia. Watu wapatao 69,000 walipimwa damu. Mwaka 2012 wataalamu walitamka kwamba dawa hiyo yaelekea kuhusiana na magonjwa sita, yakiwemo saratani ya figo na ya korodani. Mwaka 2017 kampuni zilikubali kulipa dola milioni 671 kumaliza kesi kama 3,500. Mwaka 2019 mataifa yaliiandika PFOA katika orodha ya sumu za kukomeshwa, kwa Mapatano ya Stockholm. Iliyokwisha kumwagika ingalipo.

Kuhusu kikaango cha mama: kipande kidogo kikibanduka na kumezwa, hupita tumboni bila kuyeyuka. Hatari imo katika moto. Kikaango kitupu kikisahauliwa juu ya makaa, kikipita digrii 260 ngozi yake huanza kuharibika, na moto ukizidi sana hutoa moshi ambao huua ndege walio ndani ya nyumba, na kumpa mtu homa na baridi kama za malaria. Kitiwe mafuta kwanza, kigeuziwe kwa mwiko wa mti, na kisiachwe motoni peke yake.