Mazimbu, Mzinga na Swali la Mrithi

Msafiri atokaye mjini Morogoro kwenda Mazimbu, akaiacha Milima ya Uluguru nyuma yake, hufika penye majengo ya chuo ambayo hayakujengwa kwa ajili ya hao wanaoyatumia leo. Wamo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Waliojenga walikuwa wageni, nao wamekwisha kwenda zao.

Twalitaja jambo hili kwa sababu kila panaposemwa habari ya kambi au kiwanda cha silaha kisichohitajiwa tena, popote duniani, watu huuliza: je, sasa kitakuwa cha nani? Swali ni jema, lakini aghalabu huja limechelewa, milango imekwisha fungwa na mabati yamekwisha kung'olewa. Mazimbu halikuchelewa, na yafaa tuangalie kwa nini.

Pahala pale palikuwa shamba la mkonge lililoachwa. Baada ya watoto wa Soweto kupigwa risasi mwezi Juni 1976, vijana wengi walikimbia Afrika ya Kusini, na katika mwaka wa 1977 Serikali ya Tanzania iliwapa ANC ardhi hiyo wajenge shule. Shule ikapewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na makaburu tarehe 6 Aprili 1979. Yakainuka madarasa, mabweni, shule ya watoto wadogo, karakana ya samani, shamba, na hospitali iliyojengwa kwa msaada wa watu wa Uholanzi. Ardhi ya Mazimbu ilipokuwa haitoshi, ANC wakapewa nyingine Dakawa, kwenye njia ya Dodoma. Mazimbu haikuwa kambi ya vita, lakini ilikuwa mali ya vita: isingalijengwa kama si mapigano yale, na ilijulikana tangu mwanzo kwamba wenyewe wangerudi kwao.

ANC ilifunguliwa mwezi Februari 1990. Mwezi Julai 1992 Mazimbu na Dakawa zikakabidhiwa kwa Tanzania.

Hapa ndipo twaona kiini cha habari. Mazimbu ilipata mrithi mara moja, kwa kuwa mrithi alikuwa jirani. Chuo Kikuu cha Sokoine kilikuwapo Morogoro tangu 1984, na vilivyoachwa vilikuwa vitu ambavyo chuo huvitaka: vyumba vya kusomea, vya kulala, na mashamba. Hapakuwa na haja ya kukigeuza kitu kuwa kingine. Dakawa ilikuwa mbali na mji, nayo haikupata mrithi mmoja wa namna hiyo. Leo huko kuna shule ya sekondari, chuo cha ualimu na chuo cha ufundi stadi. Si haba hata kidogo. Lakini ardhi yenye wakubwa wengi huhitaji mapatano zaidi kuliko yenye mkubwa mmoja, hata katika jambo dogo kama kutengeneza mfereji.

Yupo atakayetuuliza: na wenyeji je? Wengi katika wale waliobeba zege na matofali ya Mazimbu walikuwa Watanzania. Nafasi katika chuo kikuu ni ya nchi nzima, na mtoto wa Mazimbu hana haki kumpita mtoto wa Kigoma, ndivyo ipasavyo. Hospitali ni jambo jingine. Mgonjwa hapimwi kwa cheti cha mtihani, na mama mjamzito wa jirani hawezi kungoja bajeti ya wizara. Sisi twashika kwamba mali ya namna hii inapogawanywa, neno "jamii" lianze na wale walio hatua chache kutoka kwenye ua.

Tena kuna makaburi. Mahlangu mwenyewe hakuzikwa Mazimbu, lakini wenzake wengi waliofia ugenini wamelala hapo. Yeyote atakayepanga matumizi mapya ya ardhi ile hana budi kuanza kwa kuwapigia hao mpaka wao.

Sasa tuje kwenye baruti yenyewe. Shirika la Mzinga, lililoanzishwa Morogoro mwaka 1971 kwa msaada wa China, lingali likifanya kazi, wala hatusemi lifungwe. Lakini hapana kiwanda kinachoishi milele, na kiwanda cha risasi si shule. Darasa hufagiliwa likatumika kesho yake. Huko Joliet, katika Marekani, kiwanda kikubwa cha risasi na mabomu kilipofungwa katika miaka ya 1970, udongo ulikutwa umelowa sumu ya baruti; sheria ya kuigawa ardhi ilitoka 1996 tu, na kuusafisha udongo kulichukua miaka mingi baada ya hapo. Leo sehemu kubwa yake, kama ekari 19,000, ni mbuga ya nyasi. Nasi hatuhitaji kwenda mbali: Mbagala mwaka 2009 na Gongo la Mboto mwaka 2011 mabomu ya ghalani yaliruka hadi majumbani, yakaua watu, na wakazi wakafundishwa kutogusa chuma wasichokijua.

Kwa Morogoro jambo hili ni la maji. Mito ishukayo Uluguru huingia Ngerengere, na Ngerengere hulijaza bwawa la Mindu, ambalo mji hunywa kwalo. Kisha huenda Ruvu, na Ruvu huinywesha Dar es Salaam. Kinachomwagwa chini ya mlima hakikai hapo.

Kwa hiyo twataka jambo moja, na lifanywe wakati mitambo ingali ikizunguka. Kila kiwanda na kila ghala la silaha katika nchi hii liwe na daftari la mahali: nini kilitengenezwa, nini kilimwagwa, nini kilifukiwa, na wapi. Siri ya silaha ibaki siri ya jeshi. Ramani ya mashimo ya taka iwekwe mahali ambapo mrithi ataipata. Mafundi walioanza kazi miaka ya 1970 wamekwisha kuwa wazee, na mengi ya hayo yamo vichwani mwao tu. Waulizwe mwaka huu.