Bango Lisimdhalilishe Mtu

Ndugu Mhariri,

Nakuomba nafasi kidogo katika gazeti letu niseme neno juu ya mabango ya matembezi ya hisani.

Kama wasomaji wajuavyo, muhula huu tulitembea kilomita 10 kuchangia ununuzi wa magongo na viti vya magurudumu. Kamati ilinipa mimi kazi ya kuchora mabango, kwa kuwa huchora ramani vizuri. Nikachora mtoto ameketi mavumbini, miguu imepinda, mkono ameunyosha kama aombaye, na machozi yamtiririka. Juu yake nikaandika kwa herufi kubwa: MWONEENI HURUMA. Nilifanya nakala mbili, moja ya bwalo la chakula na moja ya getini, na nakiri nilijisifu moyoni.

Kesho yake mwenzetu mmoja wa kidato cha tatu, atembeaye kwa magongo, alisimama mbele ya lile la bwaloni kitambo kizima. Kisha akaniuliza kwa upole, "Ndugu, huyu ndiye mimi?" Sikuwa na jibu. Kijana huyu hunishinda hesabu kila mtihani, wala sijamwona hata siku moja akilia mavumbini. Tena jina lake lilikuwa limekwisha andikwa katika orodha ya watembeaji.

Wako wasemao kwamba pasipo machozi mifuko haifunguki. Mimi nasema sivyo. Mwaka 1980 kijana wa Kanada, Terry Fox, aliyekatwa mguu wa kulia kwa sababu ya saratani, alianza kukimbia kuivuka nchi yake kwa mguu wa bandia ili kuchangisha fedha za utafiti wa ugonjwa huo. Alikimbia siku 143, kilomita 5,373, mpaka saratani ilipomrudia. Alifariki mwaka 1981 akiwa na umri wa miaka 22, na kabla ya hapo michango ilikwisha pita dola milioni 24. Picha yake ijulikanayo duniani ni ya mtu yu mbioni. Nasi Watanzania tunaye John Stephen Akhwari, aliyemaliza marathoni ya Mexico mwaka 1968 akiwa wa mwisho, mguu umefungwa bendeji. Ni nani aliyemtazama akamwona ombaomba?

Bango langu lilikuwa na kasoro nyingine pia, ndogo lakini ya kuchekesha. Wapishi waliniuliza matembezi ni lini, ilhali tarehe ilikuwamo! Nilikuwa nimeifinya chini ya miguu ya mtoto kwa wino mwekundu juu ya karatasi ya kijani, na wako watu ambao macho yao hayatofautishi rangi hizo mbili. Wala sikusema fedha ni za nini. Nilisahau kwamba mpita njia hasimami kusoma.

Basi tulichora lingine, mimi na yule mwenzangu. Karatasi ya manjano, herufi nyeusi. Siku, saa na mahali pa kuanzia juu kabisa, na chini yake: TUNUNUE MAGONGO NA VITI VYA MAGURUDUMU. Tulilipima kwa kusimama hatua thelathini mbali. Picha ni ya watu watano watembeao pamoja, mmoja kwa magongo. Nilitaka kumweka mbele ya wote, akakataa. "Niweke katikati," alisema, "ndipo nitembeapo."

Kamati ililipokea likabandikwa bwaloni, lakini la getini ikaliacha, kwa hoja kwamba wageni wenye fedha hupita pale. Nadhani kamati ilikosea. Matembezi yamekwisha, fedha zimehesabiwa, na yule mtoto wa mavumbini bado yuko getini, ambapo mwenzetu hupita kila Jumamosi aendapo sokoni. Mimi ndiye niliyemchora. Naomba ruhusa nikambandue.