MAARIFA YA NYUMBANI: Pipa la Mchanga la Kuchujia Maji ya Kunywa

Ifikapo mwezi wa Juni mvua za masika huwa zimekatika katika nchi ya Rwanda, na hapo ndipo madumu ya manjano yanapoanza kupangwa foleni. Huko Kagugu, katika sekta ya Kinyinya, wilaya ya Gasabo, jijini Kigali, nyumba zimejengwa vilimani, na maji hayapandi kilima kwa hiari yake. Unapokuja mgawo, wenye matangi hutumia akiba yao. Wasio nayo hununua dumu kwa dumu au huteremka bondeni kwenye chemchemi. Maji yanayoingia nyumbani siku hizo huwa na asili nyingi: haya yametoka bombani, yale chemchemini, na mengine yamelala katika tangi ambalo halijasuguliwa tangu liliponunuliwa.

Si ajabu basi kwamba mtu mwenye ufundi kidogo wa mikono hutamani kujitengenezea chujio lake mwenyewe. Kazi hiyo yawezekana, na gharama yake si kubwa. Lakini yafaa kwanza kuondoa kosa moja lililoenea sana. Watu wengi waliopita shuleni wanaikumbuka ile chupa iliyokatwa kitako, ikajazwa pamba, makaa, mchanga na kokoto. Maji ya tope yalimiminwa juu, yakatoka chini yametakata, na darasa zima likashangilia. Chupa ile ni somo zuri la sayansi, ila si chombo cha kunyweshea mtoto. Imezuia tope, haikuzuia vijidudu vya kuhara wala vya homa ya matumbo, kwani hivyo ni vidogo mno kuliko nafasi zilizopo kati ya punje na punje. Makaa ya jikoni nayo hupunguza harufu kwa siku chache, kisha hugeuka kuwa malazi ya vijidudu hivyo hivyo.

Kinachozuia vijidudu katika mchanga ni uhai ulio ndani ya mchanga wenyewe. Maji yakipita polepole, tena siku baada ya siku, juu ya mchanga huota utando mwembamba wa viumbe wasiodhuru, ambao huwala au kuwanasa wale wanaodhuru. Jambo hili lilidhihirika kwa namna ya kutisha huko Ujerumani mwaka 1892. Mji wa Hamburg ulikunywa maji ya mto Elbe bila kuyachuja. Mji jirani wa Altona uliteka maji ya mto huo huo, tena chini zaidi, baada ya kupokea uchafu wa Hamburg, lakini uliyapitisha kwanza katika mabwawa ya mchanga. Kipindupindu kilipozuka, Hamburg ilizika watu zaidi ya 8,000, na Altona ikanusurika kwa kiasi kikubwa, ingawa miji hiyo miwili ilitenganishwa na barabara tu. Miaka ya 1990 Dakta David Manz wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, aliipunguza kazi ya mabwawa hayo hata ikaenea ndani ya chombo kimoja cha nyumbani ambacho hutumika kwa vipindi, asubuhi na jioni.

Fundi na atafute pipa la plastiki lenye kimo cha sentimeta 90 hivi, lililokuwa na chakula na wala si dawa ya shamba au mafuta ya mashine. Karibu na kitako atoboe tundu na kupitisha bomba jembamba la plastiki, kisha alipandishe bomba hilo kwa nje hadi mdomo wake uwe sentimeta 5 juu ya mahali utakapofika mchanga. Hapa ndipo penye siri yote. Maji yakikoma kumiminwa, yaliyobaki ndani husimama sawasawa na mdomo wa bomba, na mchanga hubaki umefunikwa na sentimeta 5 za maji, usiku na mchana. Kina hicho kikizidi, hewa haiufikii utando. Kikipungua, utando huvurugwa na maji yanayomiminwa, au hukauka ukafa. Kwa sababu iyo hiyo koki haifungwi mwishoni mwa bomba, wala mpira mrefu haufungiwi hapo, kwani mpira ukining'inia chini utayavuta maji yote hadi pipa likauke. Mafundi wengi huona bomba lisilo na koki kuwa ni kazi isiyokamilika. Na waliache hivyo.

Chini kabisa hutandazwa kokoto za milimeta 6 hadi 12, kina cha sentimeta 5. Juu yake kokoto ndogo zaidi, sentimeta 5 nyingine. Kisha mchanga wa punje zisizozidi milimeta 0.7, kina cha sentimeta 54 hivi. Mchanga wa mawe yaliyopondwa ni bora kuliko ule wa mtoni ambao wajenzi huuuza, kwa kuwa wa mtoni hubeba samadi na majani yaliyooza. Wote lazima uchekechwe na kuoshwa, lakini usioshwe hadi uishiwe na punje ndogo. Kipimo chake ni rahisi: konzi moja ya mchanga hutiwa katika chupa nyeupe yenye maji, hutikiswa, huwekwa mezani, na baada ya sekunde tatu au nne uso wa mchanga uonekane kupitia maji yenye ukungu kidogo. Usipoonekana, uoshwe tena. Maji yakiwa meupe kabisa, umeoshwa kupita kiasi. Wakati wa kujaza pipa, maji hutangulia na mchanga hufuata, ili hewa isijifungie katikati. Mwisho huwekwa sahani yenye matundu madogo juu ya maji, ili maji yanayomiminwa yasichimbe mchanga.

Pipa likijazwa hadi juu, lita moja na ichukue dakika mbili na nusu au zaidi kutoka. Ikitoka upesi kuliko hapo, mwenye nyumba asifurahi: mchanga wake ni mnene mno.

Sasa chukulia mfano wa askari aliyemaliza pipa lake Jumamosi. Jumapili maji yanatoka yanang'aa kama kioo, majirani wanaitwa kuona, na jioni mtoto wa mwaka mmoja ananyweshwa bila kuchemshiwa kwa sababu baba amesema hakuna haja tena ya kuunguza makaa. Askari huyo amefanya kila kitu sawa isipokuwa kungoja. Utando haujaota. Huhitaji wiki mbili au tatu, pengine hata siku 30, na katika muda wote huo pipa lake ni ile chupa ya shuleni, tofauti ni ukubwa tu. Hata likikomaa, na majaribio ya maabara yanaonyesha kwamba laweza kuondoa hadi asilimia 98 ya bakteria, mbili katika mia bado hupita. Na virusi, ambavyo ni vidogo zaidi, huweza kupita kwa wingi kuliko hapo. Chumvi, mafuta na dawa za mashambani halizitoi kabisa.

Kwa hiyo maji ya pipa humalizwa kwa moto au kwa klorini. Kigali iko zaidi ya meta 1,500 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka hapo kwenye nyuzi 95 hivi. Joto hilo latosha kuua vijidudu, maadamu maji yametokota kwelikweli wala hayakuishia kutoa mvuke. Anayetumia dawa ya klorini iuzwayo katika chupa afuate kipimo kilichoandikwa na angoje nusu saa. Faida ya pipa haipotei kwa kufanya hivyo: klorini hushindwa kazi katika maji ya tope, na hufanya kazi yake vema katika maji yaliyochujwa. Ila dawa hiyo isitiwe kamwe ndani ya pipa, maana itaua utando ulioleleka kwa mwezi mzima.

Maji yaliyokwisha kutibiwa na yakingwe katika chombo chenye kifuniko na koki. Akina mama wanajua jinsi kikombe kimoja kilichochovywa na mkono wa mtoto kinavyoweza kubatilisha kazi yote ya juma zima.

Utunzaji wenyewe si mzito. Maji yenye tope huachwa yatulie usiku kucha na kupitishwa kwenye kitambaa kabla ya kumiminwa. Kati ya mmimino na mmimino ipite saa moja au zaidi, lakini zisizidi saa 48, kwani utando nao una njaa. Mtiririko ukidhoofika sana, maji ya juu hukorogwa taratibu kwa kiganja safi, tope linaloelea hutekwa na kumwagwa, na mwenyeji hutibu maji kwa uangalifu zaidi hadi utando urudi. Familia iliyosafiri likizo ya majuma mawili itakuta pipa lake limekuwa changa tena, hata kama kwa macho halikubadilika.

Liko jambo moja linalowahusu askari na polisi kuliko raia wengine, nalo ni uhamisho. Pipa lililojaa mchanga mbichi huhitaji wanaume kadhaa kulinyanyua, na likitikiswa garini tabaka zote huchanganyika. Anayehamahama atafaidika zaidi na chujio la chungu cha udongo, aina iliyobuniwa Guatemala na Fernando Mazariegos mwaka 1981 na ambayo hivi leo hutengenezwa pia nchini Uganda. Udongo huchanganywa na unga wa mbao au makapi, na makapi yakiungua tanuruni huacha vinjia vyembamba mno vinavyopitisha maji lita moja hadi tatu kwa saa. Chungu hicho huingia ndani ya ndoo, na ndoo huingia garini, ingawa kikipata ufa mdogo tu hakifai tena. Aliyekwisha kujenga pipa naye asiliache likatupwa: aumwage mchanga wake juu ya turubai uanike, aufunge katika magunia, auoshe upya afikapo kituo kipya, na aanze tena kuhesabu siku 30.