Nikiondoka Mimi, Nani Atamtunza?



Himda zote anazistahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Liko swali ambalo akina mama huniletea baada ya darsa, aghalabu kwa sauti ya chini, wengine wakisha kuondoka. "Sheikh, mwanangu akili yake haikukamilika, nami umri umekwenda. Nikifa, nani atamtunza?" Tumezoea kumjibu mama huyu kwamba Mungu yupo. Ni kweli Mungu yupo, lakini Mtume wetu alitufunza kumfunga ngamia kwanza, kisha ndipo tutawakali. Leo, inshaallah, tuzungumze namna ya kumfunga ngamia huyu.

Kwanza tuwajue tunaowakusudia. Hawa ni watu ambao tangu utotoni uwezo wao wa kufahamu, kujifunza na kujitegemea ni mdogo kuliko wa wenzao. Hawa si wendawazimu. Wazimu ni maradhi, humpata hata mtu mzima aliyekuwa timamu, na huenda yakatibika. Ulemavu wa akili ni hali anayoishi nayo mtu umri wake wote. Si adhabu ya dhambi ya mama, wala si jini wa kupungwa. Na majina tunayowabandika, zuzu, punguani, taahira, yaingia katika yale ambayo Sura ya Al-Hujurat imetukataza, yaani kuitana kwa lakabu mbaya. Katiba ya Kenya ya 2010 nayo, katika kifungu cha 54, imempa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima na kuitwa kwa namna isiyomdhalilisha.

Sasa, matunzo mema ni yapi? Wengi wetu twayapima kwa sahani na sabuni: akishiba na akiwa msafi, twasema ametunzwa. Lakini tazameni Sura ya An-Nisa, aya ya 5, inayozungumzia wale ambao akili zao hazimudu kusimamia mali. Mwenyezi Mungu ameamrisha walishwe na wavishwe, na hakuishia hapo, bali ameamrisha pia waambiwe maneno mema. Neno jema limewekwa safu moja na chakula na nguo.

Na katika Sahihi Muslim, Anas bin Malik (r.a.) ametusimulia habari ya mwanamke wa Madina aliyekuwa na kasoro katika akili yake. Alimwendea Mtume (s.a.w.) akamwambia kuwa ana haja naye. Mtume alimwita kwa jina la heshima, kama aitwavyo mama wa watu, akamwachia achague mwenyewe njia ya mji anayoitaka, ili amsikilize na kumtimizia haja yake. Kisha akasimama naye njiani mpaka akamaliza. Maulamaa wameeleza kuwa njia ile ilikuwa ya kupitiwa na watu, haikuwa faragha.

Katika kisa hiki kifupi mna mizani kamili ya matunzo: heshima, hiari, wakati na usalama. Mwanamke yule hakufukuzwa, hakusemewa na mtu mwingine, wala hakuharakishwa. Aliulizwa anataka njia gani. Ni wangapi katika nyumba zetu wana umri wa miaka thelathini na hawajaulizwa hata siku moja wanataka kuvaa kanzu ipi?

Wapo jamaa zetu waliokwenda Uingereza kufanya kazi ya kuwahudumia watu wa hali hii, na katika mambo ya huko tuna mafunzo mawili. Wenzetu hao zamani waliwafungia watu wenye ulemavu wa akili katika mahospitali makubwa, mbali na mitaa. Baadaye wakauona ubaya wake, na leo wengi wanaishi katika nyumba za kawaida mitaani kwa msaada. Mtu huwa mpangaji halali wa nyumba au chumba chake, kwa mkataba wa jina lake, na msaidizi huja kwa mkataba mwingine kabisa. Kwa hiyo msaidizi akiwa mbaya, hubadilishwa yeye, wala mwenye nyumba hahamishwi. Mlango ni wake, na mhudumu ndiye anayebisha hodi. Hilo ni funzo la kwanza.

La pili ni chungu. Karibu na mji wa Bristol palikuwa na hospitali ya binafsi iitwayo Winterbourne View. Gharama yake ilikuwa wastani wa pauni 3,500 kwa wiki kwa kila mgonjwa. Mwaka 2011, runinga ya BBC ilionyesha picha zilizopigwa kwa siri ndani yake: wagonjwa wakipigwa makofi, wakiburutwa, wakikandamizwa sakafuni, wakimwagiwa maji na nguo zao mwilini. Wahudumu 11 walikiri makosa yao mahakamani, na mwaka uliofuata sita kati yao walifungwa gerezani. Muuguzi mmoja mzoefu alikuwa ameyatolea taarifa mambo hayo mapema, lakini hakusikilizwa. Jengo lilikuwa zuri na pesa zilikuwapo. Kilichokosekana ni jicho la mtu wa nje na sikio la kumsikiliza asiyeweza kusema vizuri. Basi asidhani mtu kwamba akimpeleka mwanawe penye bei kubwa na vigae vinavyong'aa amekwisha maliza wajibu wake.

Turudi majumbani kwetu. Sisi hatuna mahospitali kama yale, lakini tuna chumba cha uani. Siku ya harusi, wageni wakijaa, hufungiwa humo asije akatuaibisha. Nasema haya kwa uchungu, kwani dhuluma ya chumba cha uani haipigwi picha na runinga yoyote. Anayeiona ni Mwenyezi Mungu peke yake.

Mwenye kutaka kuyapima matunzo, yawe ya nyumbani au ya kituo, na atazame haya. Je, mtu huyu huulizwa apendacho, hata kama jibu lake ni la kunyoosha kidole? Je, ana kazi yake nyumbani, kama kukuna nazi, kupepeta mchele, kuanua nguo au kwenda dukani kwa jirani? Asiyeachiwa kufanya kitu husahau hata alichokijua. Je, hutoka, akaenda msikitini, harusini, ufuoni, akajulikana na watu wa mtaa? Aliye na wengi wanaomjua ana walinzi wengi. Je, mtoto wa kike huogeshwa na mwanamke mwaminifu, na amefundishwa kwamba mwili wake ni wake na kwamba anaweza kukataa na kumwambia mama? Hili la mwisho msilionee haya, kwani madhalimu huwatafuta wale wanaodhani hawatasema, au wakisema hawatasadikiwa.

Tena tazameni afya. Asiyeweza kueleza maumivu huyaeleza kwa mwenendo. Akianza kujipiga kichwa, kukataa chakula au kupiga kelele usiku, msikimbilie kusema ana kichaa au amepandisha. Huenda ni jino, sikio au tumbo. Kifafa huwapata hawa zaidi kuliko watu wengine, na dawa yake iko hospitali. Dua na ruqya ni kheri, lakini hazimzuii mtu kumeza kidonge.

Na mzigo huu wote hubebwa na nani? Mama. Baba hutoa pesa za matumizi akaona amemaliza. Mlezi aliyechoka hawezi kulea vizuri, hata awe na mapenzi kiasi gani. Enyi akina baba na kaka, chukueni zamu. Saa mbili kila Jumamosi za kumtembeza zinampumzisha mama, na zinamzoesha kijana kukaa na mtu mwingine. Mazoea hayo ndiyo mwanzo wa jibu la swali letu.

Maana katika madhehebu yetu ya Imam Shafi'i, nafaka ya lazima ya jamaa ni baina ya wazazi na watoto, kupanda na kushuka. Ndugu kumlisha nduguye ni wema mkubwa na ni kuunga udugu, ila hakulazimishwa nao kama alivyolazimishwa mzazi. Basi msitegemee tu kwamba kaka zake wapo. Wakalisheni kitako mkiwa hai, muwaulize waziwazi: nani ataishi naye, nani atamsaidia, kwa mali gani?

Katika mali, jueni kwamba yeye ni mrithi kamili. Fungu lake halipunguzwi hata thumni kwa sababu ya akili yake. Wako ndugu wanaogawana nyumba ya marehemu wakasema "huyu hajui pesa, sisi ndio tunaomlisha", nao huko ni kula moto. Baba anaweza kumteua wasii muadilifu wa kuisimamia mali hiyo. Pasipo baba, babu wala wasii, jambo hurudi kwa kadhi. Mahakama ya Kadhi imepewa na kifungu cha 170 cha Katiba mamlaka ya kuamua mirathi ya Waislamu wanaokubali kwenda mbele yake. Kumuusia mrithi zaidi ya fungu lake hakupiti ila warithi wenzake waridhie, lakini mzazi aweza kuweka wakfu akiwa hai: chumba kimoja cha kupangisha, kodi yake imtunze mwana huyu maisha yake yote, na baada yake iende kwa maskini. Andikeni, mshuhudishe.

Msiache pia haki za serikali. Mwandikisheni katika Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu baada ya kupimwa katika hospitali ya umma. Familia maskini yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa yaweza kuomba msaada wa Inua Jamii, ambao ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Ni kidogo, lakini ni haki yake, na itumike kwa ajili yake.

Mwisho, waandikieni watakaokuja baada yenu karatasi moja: anapenda nini, anaogopa nini, anatumia dawa gani, akikasirika hutulizwa vipi, na anasemaje akitaka maji. Elimu hiyo yote iko katika kifua cha mama, na mama akifa huzikwa nayo.

Ewe Mola, warehemu wanaowalea waja wako hawa, walinde pale tusipowaona, wala usitujaalie kuwa madhalimu wa wasio na ulimi wa kutushitaki. Amin.