Kamera ya Maelfu, Mkanda wa Kubahatisha?

Msee, umejinyima miezi mingi ukanunua kamera, ama umeikodi siku moja tu upige harusi. Halafu unapita nayo Tom Mboya Street ukiishika kwa vidole! Kikumbo kimoja, riziki iko chini.

Kwa maoni yangu, baada ya kamera nunua mkanda wa mkononi, kabla hata ya kuota lenzi ya pili. Ikiwa lenzi yako ni nzito, vaa ule wa shingoni. Lakini kwa kamera nyepesi ya picha za mtaani, wa mkononi unatosha.

Usichague rangi kwanza. Kagua mshono, kisha uone kama kuna kibano cha kuukaza usichomoke mkononi. Vikamba vyembamba waachie wenye kamera za mfukoni.

Kuufunga si ngori. Pitisha kitanzi kwenye tundu la upande wa kulia wa kamera, ingiza mkanda wote ndani ya kitanzi hicho, vuta hadi kikaze. Ukitumia pete ya chuma, weka kipande cha ngozi chini yake isikwaruze kamera. Kisha jaribu juu ya kitanda: vuta kwa nguvu. Heri ufunguke hapo kuliko barabarani.

Ila jua hili: mkanda huzuia kamera kuanguka, hauzuii mwizi. Mkwapuzi wa pikipiki akiuvuta, anavuta na mkono wako. Pahali pabaya, tia kamera kwa begi. Luthuli wanauza spea za kila kitu, lakini si za mkono.