Taka Ziwe Somo, Zisiwe Adhabu

Kengele ya mapumziko ikilia katika shule za msingi za Dar es Salaam, watoto hutoka mbio kuelekea getini. Hapo wanasubiriwa na akina mama wenye ndoo na madeli: huyu ana ubuyu, yule karanga, na pembeni ipo barafu ya ukwaju iliyogandishwa ndani ya kijifuko chembamba. Mtoto hung'ata pembe ya kijifuko, hufyonza, na kabla baridi haijamtoka ulimini kijifuko kiko chini. Kengele ya kurudi darasani inapolia, uwanja unametameta juani kana kwamba umemwagiwa magamba ya samaki.

Asubuhi moja niliwahi shule ya mtaani kwetu kumpelekea mwanangu daftari alilosahau. Niliwakuta watoto kama 15 wameinama uwanjani, wanaokota vijifuko vya jana. Nikamuuliza mmoja wao, binti wa darasa la tatu hivi, kama ilikuwa zamu yao. Akanijibu bila kuinua uso: "Shikamoo baba. Hapana, sisi tumechelewa namba."

Walichookota kilirundikwa nyuma ya vyoo, pamoja na majani ya mwembe, maganda ya ndizi na madaftari yaliyokwisha. Mwanafunzi mkubwa akawasha kiberiti. Moshi mzito ukaingia madirishani, watoto wakafunika pua kwa kola za mashati, na kipindi kikaendelea.

Jibu la yule binti, kwamba anaokota kwa sababu alichelewa kuhesabiwa asubuhi, limenikaa moyoni hadi leo. Somo la kwanza analolipata mtoto wetu kuhusu taka ni hilo: kuokota ni kazi ya mkosaji, na kilichookotwa dawa yake ni kiberiti. Hakuna anayelitamka somo hilo, ila linafundishwa kila asubuhi kwa vitendo, na linashika. Miaka 20 baadaye mtu huyo huyo atafungua dirisha la daladala na kurusha chupa nje, na moyoni mwake hataona kosa, maana yeye hakuchelewa namba.

Ndugu zangu, ninaandika kuwaomba wazazi, walimu, kamati za shule na viongozi wa mitaa tukubaliane jambo moja. Tuziondoe taka katika orodha ya adhabu za shule, tuziingize katika masomo. Watoto wafundishwe kupunguza taka, kutumia tena vitu vinavyofaa, na kurejeleza vilivyobaki. Wafundishwe kwa mikono yao, na sisi tukiwa pamoja nao.

Kijifuko kilichotupwa getini hakikai getini. Mvua ya kwanza hukisukuma mtaroni, mtaro hukipeleka kijitoni, na kijito hukifikisha Msimbazi, mto unaoanzia vilima vya Pugu, ukakatisha jiji na kuingia Bahari ya Hindi karibu na Daraja la Selander. Mtaro ukiziba, maji hutafuta njia nyingine, na mara nyingi njia hiyo hupita sebuleni kwa mtu. Tunaikumbuka Desemba 2011, mafuriko yalipoua watu zaidi ya 40 katika jiji hili na familia za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Mvua ile ilikuwa kubwa kupita kawaida, na mabondeni watu walikuwa wamejenga. Taka peke yake hazikuleta msiba ule. Lakini kila aliyewahi kuzibua mtaro kwa koleo anakijua kinachotoka humo.

Kubadilika tunaweza, na ushahidi tunao. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania Bara. Zanzibar, Rwanda na Kenya zilikwisha kututangulia. Wengi tulijiuliza tutakwendaje sokoni. Baada ya muda si mrefu tulikuwa tumeshika vikapu na mifuko mbadala, na maisha yakaendelea. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule leo anasoma shule ya msingi, na "rambo", kama tulivyouita mfuko ule, kwake ni neno la wakubwa. Sheria ilituondolea mfuko mkononi. Desturi ya kutupa ikabaki, ikahamia kwenye vijifuko vidogo na chupa za maji. Desturi haing'olewi na sheria peke yake, inahitaji malezi.

Wala malezi hayo si mageni kwetu. Bibi zetu hawakulijua neno "urejelezaji", lakini wote tuliyaona maisha ya kanga ya pamba. Ikiwa mpya huvaliwa harusini. Ikipauka huwa ya nyumbani. Ikilainika hubebewa mtoto mgongoni, kwa kuwa huo ulaini ndio unaotakiwa. Ikianza kuchanika hukatwa winda. Winda likichoka huwa kitambaa cha kushikia sufuria, kisha dekio, na dekio likiisha hurudi udongoni. Kopo la maziwa lilikuwa kibatari. Tairi kuukuu lilikuwa katambuga. Soksi iliyotoboka ilijazwa makaratasi, ikafungwa kamba, na chandimu ikachezwa mpaka magharibi. Mtoto aliyaona yote hayo kwa macho, hakuhitaji kuambiwa. Leo anaona vitu vilivyotengenezwa vitumike dakika tano na kutupwa, kwa hiyo kile ambacho nyumba ilimfundisha zamani bila kusema, sasa shule na nyumba hazina budi kukisema na kukitenda pamoja.

Tuanze na kupunguza, maana ndiyo hatua ya kwanza na ndiyo tunayoiruka. Shule ikitangaza shindano la darasa litakaloleta chupa nyingi, mtoto atamlilia mama yake anunue maji ya chupa ili darasa lake lishinde, na taka zitaongezeka kwa jina la kuzipunguza. Shindano la maana ni la darasa ambalo taka zake za wiki hii ni pungufu kuliko za wiki iliyopita. Mizani inaweza kuazimwa duka la jirani. Watoto wapime, waandike, wachore grafu. Hiyo ni hisabati ambayo hawataisahau, kwa sababu namba wameziokota wenyewe.

Kisha twende getini. Akina mama wanaouza pale wasifukuzwe. Bila wao mpango hauendi, na biashara ile ndiyo inayosomesha watoto wao. Tukae nao chini ya mwembe, tukubaliane: kila mtoto aje na kopo lake lenye kifuniko na kikombe chake. Ubuyu upimwe kwa kijiko, uingie koponi. Ukwaju umiminwe kikombeni. Mama anaokoa pesa ya kununulia vijifuko, na mwalimu anapata uwanja safi pasipo mtu kuokota.

Baada ya hapo tazama kinachobaki kwenye pipa. Katika miji yetu zaidi ya nusu ya taka za nyumbani ni vitu vinavyooza: maganda, mabaki ya chakula, majani. Vikizikwa dampo chini ya rundo kubwa pasipopita hewa, huoza na kutoa gesi ya methani, ambayo ni miongoni mwa gesi zinazoongeza joto la dunia. Vikipangwa vizuri nyuma ya darasa, ndani ya miezi miwili au mitatu ya joto letu huwa mboji. Kazi yenyewe ni nyepesi. Tandika majani makavu, weka juu yake maganda mabichi, nyunyiza udongo au samadi kidogo na maji, kisha rudia. Geuza rundo kila wiki au kila wiki mbili ili hewa ipite. Ukitaka kujua kama maji yanatosha, chota donge ulikamue kwa kiganja: yakichuruzika yamezidi, likimomonyoka kama vumbi, ongeza.

Na kama unataka watoto waipende sayansi, chomeka kijiti kirefu katikati ya rundo lenye umri wa wiki moja, kiache kidogo, ukichomoe na umpe mtoto akishike. Kinatoka cha moto. Atapiga ukelele, atawaita wenzake, na wote watataka kushika. Hapo ndipo mwalimu awaambie kwamba moto ule umewashwa na viumbe wasioonekana kwa macho, wanaokula ganda la ndizi alilolitupa mtoto huyo mwenyewe Jumatatu.

Zinabaki chupa, makopo na karatasi. Katika hili mwalimu bora tunaye mtaani, naye ni mwokota makopo. Tumwalike shuleni siku moja, tumpe kiti mbele ya darasa, watoto wamwamkie kama wanavyomwamkia mgeni yeyote wa heshima. Awaeleze jinsi ya kutofautisha plastiki na plastiki, kwa nini chupa yenye mafuta ndani hainunuliki, na kwa nini kizibo hutengwa. Kisha wapige hesabu: chupa tupu ya maji ya nusu lita ina uzito wa gramu 10 hadi 20, kwa hiyo kilo moja ni chupa 50 hadi 100. Kwa kila kilo moja, mgongo wa mwokota makopo umeinama mara 50 hadi 100. Mtoto aliyeipiga hesabu hiyo hatamwita tena mtu yule chizi.

Watoto waelezwe pia habari za Lamu. Fundi Ali Skanda na wenzake waliunda jahazi kwa plastiki iliyookotwa, tani zipatazo 10, na kulipamba kwa ndala zipatazo 30,000. Wakaliita Flipflopi, na mapema mwaka 2019 likatweka tanga kutoka Lamu hadi Zanzibar. Mikono iliyoliunda ni ya ufundi ule ule wa majahazi ya mbao ambao pwani yetu imeurithi. Ila mtoto aelewe na hili: jahazi lilikuja kutuonya kwamba bahari imejaa. Halikuja kutupa ruhusa ya kuendelea kutupa.

Wapo watakaosema shule hazina nafasi ya somo jingine, na walimu wamechoka. Ni kweli walimu wamechoka. Hata hivyo somo jipya haliombwi. Grafu ni hisabati, rundo la mboji ni sayansi, barua kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa ni Kiswahili. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alitaka shule iwe na shamba, wanafunzi wajifunze kwa kufanya, na wawe na sauti katika kupanga kazi yao. Palipoharibika ni pale jembe lilipokabidhiwa kwa watoro na watukutu. Kazi ikawa fimbo, na watoto wakaichukia kazi. Tusirudie kosa hilo kwa fagio.

Kwa hiyo ninawaomba.

Walimu wakuu, usafi uwe wa zamu, kila darasa na siku yake, na mwalimu wa zamu ainame pamoja na wanafunzi wake. Aliyechelewa aulizwe kwa nini amechelewa; huenda anatembea mbali, huenda aliamka akilea mdogo wake. Shimo la kuchomea taka lifukiwe, na mahali pake paanzishwe rundo la mboji na matuta ya mchicha.

Wazazi, kopo na kikombe tuwape watoto wetu kabla ya mahitaji mengine yote. Na tujichunge. Mtoto aliyefundishwa shuleni kutenga maganda, akirudi na kumkuta baba anachoma chupa uani, ataamini alichokiona nyumbani. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Wajumbe wa kamati za shule, simamieni makubaliano na wauzaji wa getini, na pesa ya chupa na karatasi zilizouzwa isomwe mbele ya wanafunzi, shilingi kwa shilingi. Wao ndio walioitafuta; wapewe nafasi ya kusema itumike vipi.

Viongozi wa halmashauri, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imewakabidhi ninyi jukumu la taka ngumu. Gari la taka lifike shuleni, na likifika lisichanganye kile ambacho watoto wamekitenga. Mtoto aliyetenga kwa mwezi mzima, kisha akaona vyote vinamwagwa pamoja kwenye gari moja, atajifunza kwamba wakubwa walikuwa wanamtania. Kumrudisha baada ya hapo ni kazi ngumu.

Kila mmoja wetu anaweza kuanza kwenye kikao kijacho cha wazazi. Agenda zikisomwa, nyosha mkono uulize: taka za shule hii zinakwenda wapi? Usikubali kujibiwa "zinachomwa". Omba twende wote nyuma ya vyoo tukaone, na kabla hatujatawanyika tupange nani ataazima mizani, nani ataleta samadi, nani atazungumza na akina mama wa getini.

Natamani asubuhi nyingine nimkute yule binti ameinama uwanjani, mwalimu wake ameinama kando yake, nimuulize swali lile lile. Naye ainue uso, anitazame machoni na kunijibu: "Shikamoo baba. Ndiyo, leo ni zamu yetu."