Mali bila Daftari

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii sisi watu wa Pwani twaijua kwa uchungu. Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908 ilimtaka kila mwenye dai ajitokeze aandikwe. Wengi katika Mijikenda hawakuandikwa, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali. Hivyo mtu akawa skwota kwao.

Niliyakumbuka hayo nilipokuwa Malaba, mpakani mwa Uganda. Malori kutoka bandari ya Mombasa yamepanga foleni, na kila moja huandikwa: uzito wake, shehena yake, iendako. Karibu yapita maji ya mto Malaba, utokao Mlima Elgon. Katika mlima huohuo, huko Chepkitale, wanaishi Waogiek, wafugaji na warina asali. Mwaka 2000 ardhi yao ilitangazwa kuwa hifadhi, nao wakahesabiwa wavamizi. Hawakukaa kimya. Walichora ramani yao, wakaandika sheria zao za mila za kutunza msitu. Septemba 2022, mahakama ya ardhi ya Bungoma ikaamua kwamba ardhi ile ni yao.

Hapa ndipo nina neno na waandishi wenzangu. Mei 2020 Ziwa Victoria lilipanda kupita rekodi ya 1964, na Budalangi, kusini mwa Busia, maji yakaingia majumbani. Magazeti yalihesabu jamaa waliohama. Aghalabu hatukuuliza ni wangapi kati yao waliokuwa na hati. Mwenye hati ana pa kudai. Asiye nayo hupewa blanketi, mambo yakaisha.

Watakuwapo wasemao kwamba kumbukumbu za wazee si takwimu. Mbona manahodha wetu walizihesabu siku za kaskazi na kusi kabla ya kuwapo ofisi yoyote ya hali ya hewa? Mwandishi na aketi na wazee, aulize miaka ya ukame na vijito vilivyokauka, kisha aweke hesabu yao kando ya hesabu ya ofisi. Na kwa kuwa Sheria ya Ardhi ya Jamii ipo tangu 2016, atuchapishie pia ni jamii zipi zimekwisha kusajiliwa na zipi bado zangoja.

Dini yetu imetuharamishia kunyang'anya hata shubiri moja ya ardhi. Kalamu inayoweza kuandika kila lori la Malaba haina udhuru wa kumsahau mwenye ardhi.